Bi Kidawa Shaame na Sampuli Aliyoirudisha

Bi Kidawa Shaame Mbarouk, Mtaalamu Mwandamizi wa Maabara, anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku kumi na sita. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika "zaidi ya miaka thelathini" katika fomu yake ya kustaafu, naye akairudisha fomu ili isahihishwe. Tumeanza na jambo hilo kwa sababu asiyemjua Bi Kidawa atamjua kwa hilo.

Alizaliwa Nungwi mwaka 1965, mtoto wa nne wa Mzee Shaame Mbarouk, aliyekuwa fundi wa kutengeneza mizani za maduka. Nyumbani kwao, anasema, mtu akisema "kama kilo hivi" alikuwa akiulizwa kama amepima au ameota. Alipokelewa hapa tarehe 14 Machi 1991 akiwa mhudumu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vichupa vya kioo. Alisoma huku akifanya kazi, akapata cheti, kisha stashahada mwaka 1999, na tangu mwaka 2008 amekuwa msimamizi wa chumba cha kemia ya damu.

Wauguzi walimpa jina la Bi Rudisha. Hakuna aliyethubutu kumwita hivyo usoni, lakini yeye alilijua na halikumuudhi. Sampuli isiyo na jina aliirudisha. Sampuli yenye jina lakini isiyo na saa ya kutolewa aliirudisha. Yupo bwana mmoja wa mjini, mtu wa heshima zake, aliyeleta choo chake cha kupimwa ndani ya kikapu cha halua, ili njiani watu wasijue amebeba nini. Alipofika kwenye dirisha la maabara alilalamika kwamba watu wawili walikuwa wamemsimamisha barabarani wakitaka kuonja. Bi Kidawa alimpa kikopo cha hospitali, akamwambia, "Rudi nacho kesho, na upite njia nyingine." Alipoondoka, watu wote maabarani walicheka, isipokuwa yeye. Alikuwa anaandika katika daftari: sampuli moja imerudishwa, chombo si sahihi.

Mimi, niliyekuwa mkuu wa maabara kwa miaka kumi na mmoja, nimeombwa niandike wasifu huu. Ningeweza kuujaza vyeti, semina na pongezi, navyo vipo. Nimeona ni haki zaidi kueleza kazi moja tu kwa ukamilifu. Bi Mwatima Makame, anayehusika nayo, ameruhusu jina lake litajwe. Muuguzi Fathiya, ambaye naye anahusika, ameruhusu pia.

Vifaa vya kupimia magnesiamu viliingia maabara yetu mwaka 2017. Magnesiamu ni madini yaliyomo katika damu kwa kiasi kidogo mno. Yakipungua, misuli hukakamaa, mwili hutukutika na moyo hupiga ovyo. Tena hayaporomoki peke yake. Huvuta pamoja nayo kalsiamu na potasiamu, na hivyo viwili havipandi hata vikiongezwa, mpaka magnesiamu yenyewe irudishwe. Mwanzoni madaktari hawakukiagiza kipimo hicho. Bi Kidawa aliandika kadi kwa mkono na kuibandika ukutani katika kila wodi. Mpaka leo ipo:

"Damu inasema imepungua. Haisemi imekwenda wapi. Uliza mambo manne. Je, haiingii mwilini? Inapotea kwa tumbo? Inapotea kwa figo? Ipo dawa inayoipoteza?"

Wengi wetu tuliisoma kadi ile kama tunavyosoma tangazo la kuzima taa.

Bi Mwatima Makame ni mkaazi wa Mwanakwerekwe, na kazi yake ni kupika urojo, anaouuza kila siku alasiri katika kichochoro cha Mkunazini. Wanaokula urojo mjini wanaujua wake kwa ukali wake wa embe mbichi na ndimu. Alilazwa kwetu mara ya kwanza Julai 2022, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Vidole vya mikono yake miwili vilikuwa vimekusanyika na kukazana kwenye ncha, kama vya mtu anayenyunyiza chumvi, na havikunjuki. Magnesiamu ilikuwa 0.31, na kwa mtu mzima mwenye afya haitakiwi kushuka chini ya 0.7. Alitiwa dripu ya magnesiamu, vidole vikafunguka, akarudi nyumbani.

Baada ya wiki tano alirudi, mikono vilevile, na safari hii miguu pia. Alitiwa dripu, akapata nafuu, akaruhusiwa. Bi Kidawa aliweka majibu yote mawili mezani kwangu, moja juu ya jingine.

"Mkuu, huyu tunamjaza na anavuja," alisema. "Hakuna aliyetafuta tundu."

Nilimjibu kwamba kutafuta tundu ni kazi ya daktari. Jibu langu lilikuwa sahihi kwa mujibu wa taratibu, na halikuwa na faida yoyote kwa mgonjwa.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu, tarehe 26 Septemba. Bi Mwatima alianguka sokoni Mwanakwerekwe, alipokuwa akichagua maembe, mwili mzima ukimtukutika. Aliletwa na binti yake, Rahila, na mpagazi mmoja wa sokoni. Saa tatu asubuhi alikuwa wodini, moyo ukipiga kwa kurukaruka, na Dk. Hafiz Bakar, daktari wa zamu, alikuwa amesimama kando ya kitanda akisubiri majibu ya damu. Alihitaji hasa kujua kiasi cha potasiamu. Ikiwa imeshuka, lazima iongezwe. Ikiwa imepanda, lazima ishushwe upesi. Matibabu hayo mawili yanapingana, na kukosea moja kwa jingine katika moyo wa namna ile ni kumuua mgonjwa.

Sampuli ilifika. Mashine ilisoma potasiamu 8.1, kalsiamu 0.4 na magnesiamu 0.1. Bi Kidawa aliitazama karatasi, akakitazama kichupa, kisha akaiweka karatasi kifudifudi mezani. Simu ililia.

"Bi Kidawa, shikamoo. Majibu ya Bi Mwatima?"

"Marahaba. Bado."

"Mashine imeharibika?"

"Mashine nzima. Damu niliyonayo si damu yake, mwanangu."

"Si yake vipi, na Fathiya kaitoa mbele ya macho yangu?"

"Nakuja juu. Usimpe kitu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimuuliza kuna nini, akanionesha karatasi. Nilisema kwamba potasiamu ya 8.1 ni hatari ya dakika, si ya saa, na kwamba majibu ya dharura hayakai mezani.

"Mtu mwenye kalsiamu hii hawezi kuwa hai akapumua," alisema. "Na wiki tatu zilizopita potasiamu yake ilikuwa chini. Sampuli hii imechanganywa."

"Yatoe majibu, Bi Kidawa. Daktari ataamua."

"Akiyapata, ataamua. Ndiyo maana siyatoi."

"Nimekupa amri."

"Naam, nimeisikia."

Alichukua kichupa kipya chenye kofia nyekundu, kikopo cha mkojo na sindano, akatoka. Wodi ya wanawake ipo ghorofa ya pili, na lifti yetu wakati ule ilikuwa haifanyi kazi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba na goti bovu.

Lililofuata naliandika kama lilivyotokea. Nilichukua daftari la zamu, nikaandika: "Saa 3:40 asubuhi. Bi Kidawa Shaame amekataa amri ya kutoa majibu ya dharura." Nikatia saini. Kisha nikainua simu, nikampigia Dk. Hafiz, nikamsomea tarakimu mwenyewe. Nilikuwa nimesomea kazi hii miaka mingi kuliko Bi Kidawa, nilikuwa mkuu wake, na nilikuwa nimekasirika. Dk. Hafiz alinishukuru, akakata simu, na akamwagiza Fathiya atayarishe insulini pamoja na maji ya sukari. Hiyo ndiyo tiba ya kuishusha potasiamu. Huitoa katika damu na kuisukuma ndani ya seli kwa muda mfupi.

Bi Kidawa hakuyajua hayo. Alikuwa ngazini.

Wote waliokuwapo wodini wamenieleza kwa namna moja. Alipoingia, Fathiya alikuwa ameshaivuta insulini ndani ya sindano na anatoa mapovu. Rahila alikuwa ameshika miguu ya mama yake. Bi Kidawa hakumwendea daktari. Alikwenda moja kwa moja kwa Fathiya, akasimama baina yake na kitanda.

"Fathiya, nitazame. Damu uliyoniletea umeitoa mshipani, au umeimimina?"

Fathiya alimtazama daktari.

"Sikugombezi. Nataka kujua tu, na nataka sasa hivi."

"Iliniishia, Bi Kidawa," alisema Fathiya. "Mshipa ulikataa, nikapata nusu ya kichupa. Nikaongezea kidogo kutoka kile cha kofia ya zambarau. Nshamchoma mara mbili, nilimwonea huruma kumchoma tena."

Hapa inafaa kueleza kidogo. Kichupa chenye kofia ya zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo hufanya kazi kwa kukamata kalsiamu na magnesiamu, nayo yenyewe imejaa potasiamu. Matone machache tu yakiingia katika kichupa kingine, majibu yataonesha kalsiamu imetoweka, magnesiamu imetoweka na potasiamu imepanda hadi mbinguni. Hakuna mashine inayoweza kulitambua kosa hilo. Hutambuliwa na mtu, na mtu huyo lazima akumbuke kwamba tarakimu zinatoka katika mwili wa mtu aliye hai. Kosa la Fathiya lilikuwa la huruma. La kwangu halikuwa.

Dk. Hafiz aliichukua sindano kutoka mkononi mwa Fathiya, akaiweka kwenye sahani ya chuma. Waliokuwa karibu wanasema mlio wake ulisikika hadi kitanda cha mwisho.

Bi Kidawa mwenyewe alitafuta mshipa. Aliupata kwenye mguu. Alijaza kichupa chekundu kwa mara moja, kisha akamwambia Dk. Hafiz asifungue dripu ya magnesiamu kwanza.

"Anahitaji dawa, Bi Kidawa."

"Ataipata. Nipe mkojo wake wa kabla ya dripu. Ukishafungua dripu, mkojo utajaa magnesiamu yako wewe, na hatutajua ya kwake ilikuwa inakwenda wapi. Mara mbili tumeifungua kwanza, na mara mbili tumebaki gizani."

Mkojo ulipatikana katika dakika nne. Dripu ikafunguliwa. Dakika ishirini na tano baadaye majibu ya damu mpya yalitoka, na safari hii niliyapeleka wodini kwa miguu yangu: potasiamu 2.4, kalsiamu 1.6, magnesiamu 0.26. Potasiamu ilikuwa chini kabisa. Ile insulini ingeishusha zaidi, na moyo wa Bi Mwatima usingeivumilia.

Mgonjwa alinusurika asubuhi ile, lakini tundu lilikuwa bado halijaonekana, na kila mtu alijua kwamba mara ya nne ingekuwa mbaya zaidi. Majibu ya mkojo yalifunga mlango mmoja. Ndani yake hamkuwa na magnesiamu ila kidogo sana, maana yake figo zilikuwa zimeishikilia kwa nguvu zote. Zisingelaumiwa. Yalibaki mambo matatu ya kadi: chakula, tumbo na dawa.

Dk. Hafiz aliuliza kwa bidii. Alimuuliza Bi Mwatima kama anaharisha, akasema hapana. Kama anatapika, hapana. Kama anakula vizuri, Rahila akacheka na kusema mama yake anakula kuliko wao wote. Ilibidi amuulize pia kama anakunywa ulevi, kwa kuwa ulevi ni miongoni mwa sababu zilizoandikwa vitabuni na daktari hana ruhusa ya kuruka swali kwa aibu. Bi Mwatima alijigeuza ukutani, na hakuzungumza naye hadi alasiri.

"Unatumia dawa gani, Bi Mwatima?" aliuliza mara ya nne.

"Situmii dawa, daktari. Nshakwambia. Mimi si mgonjwa."

Rahila aliagizwa alete dawa zote zilizomo nyumbani. Alileta kikapu kizima. Wakakimwaga kitandani: paracetamol, mafuta ya habasoda, mafuta ya karafuu ya kuchulia, na dawa ya kikohozi ya mjukuu iliyokwisha muda wake. Hakuna hata kimoja kinachopoteza magnesiamu. Dk. Hafiz aliandika barua ya kumpeleka mgonjwa bara kwa uchunguzi zaidi. Safari ilipangwa iwe Alhamisi, tarehe 29, kwa boti ya asubuhi. Rahila alianza kufunga nguo. Dk. Hafiz alinieleza peke yangu khofu yake, kwamba moyo ule unaweza kusimama kabla ya boti kufika gatini.

Siku ya Jumatano, baada ya kukabidhi kazi za asubuhi, Bi Kidawa alipanda tena zile ngazi. Hakuchukua kichupa wala sindano. Alivuta kiti, akaketi kando ya Bi Mwatima, akamwambia:

"Nihesabie siku yako. Tangu alfajiri. Kila kinachopita kinywani, kwa mpango, usiniruke hata tone la maji."

"Ya nini?"

"Niridhishe tu."

"Au wataka kupika urojo na wewe? Siri ya biashara sitoi, Bi Kidawa."

"Nitakupa dirisha la maabara uuzie, tugawane wateja. Haya, umeshasali."

Bi Mwatima alifumba macho, kama mtu anayeitazama nyumba yake kwa ndani.

"Nshasali. Nnawasha jiko, nnateleka viazi. Nnakunywa chai ya tangawizi, kikombe, na mkate wa kumimina ukiwepo. Rahila akiamka nshamenya maembe. Nnachuja unga, nnatia manjano. Nnakamua ndimu. Hapo ndipo nnameza kidonge changu, nnasubiri kidogo, kisha nnaanza kuonja. Naonja, naongeza ndimu. Naonja, naongeza..."

"Kidonge gani?"

"Cha kuonjea."

Fathiya, aliyekuwa anatandika kitanda cha jirani, anasema Bi Kidawa hakutikisika. Aliuliza kwa sauti ileile, kama anayeuliza bei ya nazi:

"Hicho cha kuonjea ni kipi?"

"Si ndicho kile cha kiungulia. Urojo wangu mkali, na mimi nnaonja mara thelathini kabla ya adhuhuri, tumbo tupu. Zamani kifua kilikuwa kinaniwaka moto. Nikapewa vile vidonge nitumie mwezi mmoja. Kikazima. Nilipoacha kikawaka tena, nikawa nnanunua mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu. Bila kile, sionji. Na nisipoonja, siuzi."

"Na daktari alipokuuliza dawa?"

"Dawa ni ya mgonjwa, Bi Kidawa. Kile ni cha kazi. Kipo jikoni, kwenye kopo, pamoja na manjano na bizari."

Rahila alikuwa amesimama na begi la safari mkononi. Alikuwa akikiona kidonge kile kila siku kwa miaka sita. Alikuwa ametumwa kukinunua yeye mwenyewe. Alipoagizwa alete dawa zote alitafuta kabatini, chini ya mto na ndani ya mkoba, lakini hakutazama kwenye makopo ya viungo, kwa kuwa hakuna mtu anayetafuta dawa kwenye viungo. Alirudi Mwanakwerekwe mara moja, akaleta kopo. Lilikuwa la omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Dawa hiyo ni nzuri kwa muda wake, lakini kwa baadhi ya watu wanaoitumia miaka mingi mfululizo, tumbo huacha kuipokea magnesiamu kutoka katika chakula. Mtu anaweza kula vizuri kuliko nyumba nzima, na damu yake ikabaki na njaa.

Dk. Hafiz alikizuia kidonge siku ileile na kumwandikia dawa ya jamii nyingine, ya kutumia siku za kiungulia tu. Alichana barua ya kumpeleka bara mbele ya Rahila, naye Rahila akaketi sakafuni na begi lake na kulia. Siku kumi baadaye magnesiamu ilikuwa 0.64 bila dripu. Baada ya mwezi ilikuwa 0.79. Haijashuka tena.

Mengine yaliyofuata ni ya kawaida, lakini yana faida. Tangu Januari 2023 fomu yetu ya kuomba kipimo cha magnesiamu haina mstari wa "dawa anazotumia" peke yake. Chini yake kuna mistari sita mitupu yenye maneno haya: "Mgonjwa ahesabu siku yake tangu kuamka." Kwa mistari hiyo tumegundua sababu kwa wagonjwa kumi na mmoja. Baadhi walikuwa wakitumia vidonge vya kupunguza maji mwilini kwa ajili ya shinikizo la damu. Wengine walikuwa na kisukari kisichodhibitiwa, kinachoikojoza magnesiamu nje. Bibi mmoja wa Tumbatu alikuwa anakunywa sanamaki kila asubuhi kwa miaka mingi ili, kwa maneno yake, tumbo liwe jepesi, na wala hakuhesabu kwamba anaharisha. Fathiya sasa ndiye anayewafundisha wauguzi wapya kutoa damu. Somo lake la kwanza ni kichupa cha zambarau, na huanza kwa kusema, "Mimi nilifanya hivi."

Daftari la zamu la mwaka 2022 limehifadhiwa. Chini ya maneno yangu ya saa 3:40, Bi Kidawa alikuwa ameandika aliposhuka kutoka wodini: "Ni kweli. Sampuli ilichanganywa. Nimeleta nyingine." Hakuongeza neno. Siku ya Alhamisi, saa ambayo boti ya Bi Mwatima ingekuwa inaondoka, niliandika chini yake: "Amri ilikuwa ya makosa. H.D." Nilimwambia Bi Kidawa kwamba ukurasa ule unaweza kuondolewa ili usije ukamharibia jina. Alinijibu kwamba daftari haling'olewi kurasa, na kwamba saa zilizoandikwa mle zinaweza kumfaa mtu siku moja. Hatukuuzungumza tena mpaka leo, na leo nauzungumza kwa maandishi.

Zamu yake ya mwisho ilikuwa Alhamisi iliyopita, tarehe 19 Juni, na siku zilizobaki ni za likizo yake. Asubuhi hiyo Bi Mwatima alikuja kwa kipimo chake cha kila miezi sita. Alitolewa damu, ikapelekwa dirishani, na baada ya dakika tatu ikarudi. Muuguzi alikuwa amesahau kuandika saa ya kutolewa. Bi Mwatima alichomwa mara ya pili, na sauti yake ilisikika ukumbi mzima.

"Miaka yote hii, na siku yako ya mwisho pia hunionei huruma?"

"Hii ndiyo huruma," alijibu Bi Kidawa kutoka ndani. "Kunja mkono."

Nimeomba kuuona ukurasa wa siku ile. Kwa mwandiko wake uliosimama wima, umeandikwa hivi: "Sampuli zilizopokelewa, 61. Zilizorudishwa, 1. Magnesiamu ya Bi M. Makame, 0.83. Chumba nimekikabidhi kikiwa safi."

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa sasa na waliotangulia, tunamshukuru Bi Kidawa kwa kila sampuli aliyoipokea, na zaidi kwa kila aliyoirudisha. Nami kwa niaba yangu ninamshukuru kwa amri moja aliyoikataa. Urojo wa hafla ya kumuaga utapikwa na Bi Mwatima, na ameomba Bi Kidawa awe wa kwanza kuuonja. Bi Kidawa, nenda Nungwi ukapumzike kwa amani. Mungu akupe afya njema, goti lisilouma, na umri mrefu wenye baraka, usiohitaji kurudishwa hata siku moja.

Haroub Duni
Mkuu wa Maabara mstaafu